Jina la Binti wa Salha

Hapo zamani, na msinikodolee macho, maana zamani yenyewe ni ya juzijuzi tu, Salha alizaa binti mwenye uvimbe kifuani. Akaapa mbele ya ndugu zake: "Atakayemwokoa mwanangu, mtoto atachukua jina lake, awe somo yake." Kiapo hicho hakirudi nyuma.

Daktari Thureya akatoboa tundu dogo kama la ushanga, akapenyeza koleo jembamba, macho kwenye skrini. Salha alikuwa nyuma ya kioo, roho mkononi. Kwenye skrini kukaonekana uzi mweupe umeushika uvimbe.

"Utando tu huo. Kata!" wakasema wasaidizi.

Thureya akaubana. Ghafla mkono ukaganda. "Unapiga! Nausikia vidoleni!"

Lahaula! Kumbe ni mshipa wa damu. Koleo lile lilikuwa na hisi: kinachoguswa na ncha, mpini huviambia vidole. Akaukwepa mshipa, akautoa uvimbe, mtoto akapona.

Siku ya kutoa jina, Thureya akafika mapema. "Koleo lilisema, sawa, lakini nani alisikiliza? Wote walisema kata, nikakataa. Jina ni langu."

Fundi Mwanamkasi akaruka. "Ebo! Makoleo yenu ya kwanza yalikuwa na ganzi. Hili nimeliunda mimi. Bila mimi, leo tungekuwa matangani. Jina ni langu."

Mlangoni akaingia mwanamke wasiyemwalika, Bi Riziki. Sauti yake mnong'ono mtupu, ikabidi watu wanyamaze.

"Nilikuwa mwimbaji wa harusini. Nikapasuliwa tezi ya shingo, koleo lenye ganzi likaponda mshipa wa sauti. Sikumshtaki mtu. Nilimpa fundi huyu shingo hii hii aibane, aibane tena, nimwambie panapouma, mpaka koleo lake likajua kuhisi. Jina ni langu."

"Masikini! Nani alikupasua?" Salha akauliza.

Riziki akamnyooshea kidole Thureya.

Salha akamkumbatia mtoto, akarudi nyuma. Mikono ile ile! Mikono aliyoibusu!

"Ni kweli," Thureya akasema, machozi yakimtoka. "Ndiyo maana safari hii niliacha kukata."

Fundi akatazama chini. Kumbe alijua nani alimpasua Riziki, akaficha siku zote.

Haya, mliokaa mkinisikiliza, semeni. Ndugu wamejaa, mtoto analia, na jina ni moja tu. Je, aitwe nani?