Chumvi ya Futari ya Sultani

Palikuwa na sultani, jina lake Shekue, ambaye mfungo wake wa Ramadhani aliufungia kitandani. Akishakula daku alilala, akaamka alasiri, akapiga miayo na kuuliza jua limebaki kiasi gani. Kisha akawasifu wafungao, akianza na nafsi yake.

Mwaka mmoja akatoa amri: "Futari yangu isipungue chumvi wala isizidi. Mpishi akikosea, ahame mji wangu. Na marufuku kuonja, huu ni mwezi mtukufu! Akionja, achapwe bakora arobaini hadharani kwa kula mchana, kisha ahame."

Sasa niambieni, mpishi afanyeje? Hakuna aliyemuuliza. Wapishi watatu wakahama kabla ya kumi la kwanza kwisha, na zamu ikamwangukia Bi Mize, mjane wa mtaa wa nyuma, mwenye mkono mzuri jikoni na ulimi usiolala. Bi Mize hakuwa na pa kuhamia. Kibanda chake kilikuwa hapo, na kaburi la mumewe hapo. Aliogopa kwelikweli.

Lakini alifundwa na mama yake, kama wanawake wote wa mji ule: mpishi aliyefunga hugusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi, akatema, akasukutua. Dini haimkatazi.

Alasiri hiyo alikuwa uani, chini ya dirisha la sebule ya Sultani, akipika kuku wa nazi. Huko juu Sultani alikuwa ameamka, na ili jua lizame upesi, alikuwa akiwachekesha wapambe wake.

"Kadhi wetu ni bahili," alisema. "Nzi akitua kwenye asali yake, humramba miguu kwanza ndipo amwachie. Na zile ndevu! Anazipaka piko ziwe nyeusi, ili mke mdogo asijue kuwa ameolewa na babu yake!"

Wapambe wakacheka mpaka vilemba vikalegea. Bi Mize akayasikia yote, akadondosha tone la mchuzi kiganjani, akaligusa kwa ulimi, akatema jivuni.

"Nimekuona!" ikapiga kelele sauti ya dirishani.

Akapandishwa juu, mwiko ungali mkononi. Watu wa mtaa wakaitwa washuhudie. Kadhi naye, aliyealikwa kufuturu, ndiyo kwanza alikuwa mlangoni akivua viatu.

"Kadhi," akasema Sultani, "mwanamke huyu amekula mchana wa Ramadhani."

"Nimeonja chumvi, Maulana, nikatema."

"Iliingia kinywani, haikuingia?"

"Iliishia kwenye ncha ya ulimi."

"Na ulimi wako uko wapi, kinywani mwa jirani?"

Kadhi akakohoa. "Maulana, kisheria mpishi akionja akatema, swaumu yake haina..."

"Sheria sikukuuliza! Nimekuita uhesabu bakora. Wewe mwenyewe Ijumaa hukuhubiri kwamba kufunga si tumbo peke yake, hata ulimi nao hufunga?"

"Nilihubiri, Maulana."

"Basi ulimi wake umekula. Bakora arobaini!"

Askari akakunja mikono ya kanzu. Lakini maneno yale ya Sultani yalikuwa yamemfungulia Bi Mize mlango, naye hakuwa mtu wa kusimama kizingitini.

"Maulana amesema kweli," akasema. "Ulimi nao hufunga. Nauliza tu: hukumu hii ni ya ulimi wangu peke yake, au ya kila ulimi?"

Sultani akawatazama watu waliojaa sebuleni, akavimba. "Ya kila ulimi! Hata wangu! Mbele ya Mungu hakuna mkubwa."

"Mungu akuzidishie. Sheikh Kadhi, Ijumaa hiyohiyo ulisema nini juu ya msengenyaji?"

Kadhi hakuhitaji kuombwa mara mbili kuhubiri. "Nilisema anayemsengenya nduguye ni kama anayekula nyama yake, tena nyama ya maiti. Akiwa amefunga, swaumu yake imebaki njaa na kiu."

"Na huyo, baada ya kula, hutema?"

"Hatemi, mama. Huyo humeza."

Wapambe wakaanza kutazama mkeka. Sultani akatazama dirisha, ambalo lilikuwa wazi tangu alasiri.

"Inatosha," akasema haraka. "Adhana iko karibu, tujiandae ku..."

"Bado, Maulana, bakora zangu sijala." Bi Mize akapiga magoti, akainamisha mgongo. "Nichape, askari, lakini usiende mbali na bakora yako. Mimi nimeonja tone la mchuzi nikalitema. Maulana tangu alasiri anakula nyama ya Sheikh Kadhi, na ndevu zake pamoja na piko lake, wala sijamwona akitema hata unywele mmoja."