Mwenye Nyumba Hukohoa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, dunia ilipokuwa haijachorwa mistari, kulikuwa na ushekhe mmoja huko Uarabuni ukiitwa Bonde la Mkunazi. Ulikuwa mdogo, mdogo kweli! Shekhe Paa akipiga chafya barazani kwake, "Chyaa!", watu wa nchi ya pili humwitikia, "Yarhamukallah!"

Bonde zima lilikuwa na kisima kimoja cha maji matamu. Kilijengewa kibanda cha mawe chenye mlango wa mbao, na humo aliishi mlinzi wake, Bi Mizna. Bi Mizna alikuwa pimbi: mfupi, wa mviringo, miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kabla yake alikuwepo mama yake, na kabla ya mama, bibi. Mpita njia akifika na kiu hupaza sauti, "Hodi kisimani!" Wao huitika, "Karibu, maji yapo!"

Hapo ndipo Bi Mizna alipokulia, baina ya hodi na karibu. Ngamia walikuja na hodi nzito za vumbi, mbuni na hodi za haraka haraka. Hata Chui alikuja, enzi hizo mtoto yatima, mbavu nje, na hodi ya kulia. Mama yake Bi Mizna humtilia maji katika bakuli la shaba, akamwambia, "Taratibu, mwanangu, maji hayakimbii."

Basi Chui akakua, akanenepa, akawa Sultani wa nchi jirani. Bakuli akalisahau. Siku moja akasema, "Kisima kile changu!"

"Chako tangu lini?" akauliza Shekhe Paa.

"Tangu niliposema!"

Ikawa vuta nikuvute. Ndipo akaja Bwana Dubu. Nani alimwita? Hakuna aliyemwita! Alitumwa kama Mshauri na wakubwa wake wa nchi za baridi, ng'ambo ya bahari, aje aamue nchi ya nani inaishia wapi. Joto likamtesa na manyoya yake yale, ulimi nje, he-he-he-he. Akasimamisha hema, akakalia kiti, kiti kikalia, "Nyiii!"

"Shekhe Paa!" akanguruma. "Mpaka wako ni upi?"

"Mpaka lini, bwana mkubwa?"

"Sisemi lini! Mpaka!"

"Mpaka wapi, basi?"

"Si ndicho ninachokuuliza wewe!"

Shekhe Paa akakuna kidevu chake. "Bwana, sisi hapa hatuna mpaka. Tuna hodi."

Dubu hakuelewa. Akaamuru kisima kifungwe, asichote mtu, mpaka atakapochora mstari wake. Watu wakanywe maji ya chumvi ya shimo la mbali. Bi Mizna akatolewa, na vyombo vyake nje: mkeka, chungu, na lile bakuli la shaba. Mlango ukatiwa kufuli, "Kacha!", na ufunguo ukaingia mfukoni mwa Dubu.

Maskini Bi Mizna! Akahamia pangoni kwa wifi yake Shawana, juu ya mwamba unaotazama kisima. Kila asubuhi hukaa mlangoni akautazama mlango wake. Kiu alikuwa nayo, lakini iliyomkondesha haikuwa kiu ya maji. Upepo ukipenya mwambani, "Huuuu," yeye huitika, "Karibu!"

"Unamkaribisha nani, wifi?"

"Upepo, wifi yangu. Ulimi umezoea."

Siku moja Dubu akawa anazungukazunguka mwambani, akitafuta mahali pa kupigia vigingi vyake. Akaliona tundu. Akaingiza kichwa. Kwa! Kikanasa.

"Uwiii! Mwizi!" akapiga ukelele Shawana, na mwiko mkononi.

"Si mwizi! Ni mimi, Bwana Mshauri!"

"Mshauri gani anaingia kwa watu kichwa kwanza, bila hodi? Kwenu hamna mama?"

"Hiyo hodi ndiyo nini hasa?" akauliza Dubu, pua imebanwa. "Kila mtu ananitajia hodi!"

Bi Mizna akamzuia wifi yake mkono. "Sikiliza, bwana mkubwa. Mgeni akifika kwa watu hupiga hodi. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Yeye hukohoa tu, khe-khem, walio ndani wajue anakuja, wajisitiri."

"Kwa hiyo anayepiga hodi..."

"Hapo si kwake."

"Na anayekohoa?"

"Kwake."

"Hata akiwa Sultani?"

"Hata baba yake Sultani!"

Dubu akacheka, mwamba mzima ukatikisika. "Lo! Na mimi nahangaika juani na minyororo ya kupimia! Kesho nitawaita wote kisimani, nimfungulie Chui mlango, nisikie ulimi wake."

"Lakini usimwambie, bwana. Mzani ukishatangazwa, watu huja na mawe mfukoni."

Wakampaka samli masikioni, wakamsukuma kwa miguu, haya, haya, chopo! Akatoka, akabingirika mpaka chini.

Alipokwisha kwenda, Shawana akashika kiuno. "Wifi, tumekwisha! Chui siku hizi hapigi hodi popote. Huingia tu, kama moshi."

"Zamani alikuwa akipiga," akasema Bi Mizna. "Neno la utotoni halifi, wifi. Husinzia tu. Kesho tutaliamsha."

Asubuhi, watu hawajakusanyika, Bi Mizna na Shawana wakapenya katika mfereji wa maji, ule unaopita chini ya ukuta. Pimbi kama pimbi, anaingia pasipoingia mkono! Wakatokea ndani. Harufu ya mawe mabichi ikampokea Bi Mizna, akasimama. Akagusa ukingo wa kisima, pale kamba ya mama yake, na ya bibi yake, ilipochimba mfuo katika jiwe. Kidole chake kiliingia mle mle kama zamani. Machozi yakamshuka.

"Utalia baadaye," akanong'ona Shawana. "Kwanza tuoge."

Kuoga kwenyewe kulikuwa kwa mdomo tu, maana nani angechezea maji ya watu? Wakachota ndoo moja, wakangoja.

Nje, Chui akafika na kilemba kama mnazi. "Kisima changu! Babu yangu alikichimba kwa makucha haya haya!"

"Kwa makucha yako?" akauliza Shekhe Paa.

"Ya kwake! Yanafanana!"

"Vyema," akasema Dubu, akafungua kufuli. "Ingia kwako, Sultani."

Chui akatanua kifua, akaweka mkono mlangoni, akaanza kusukuma. Mara, ndani: chubwi! Chubwi, chubwi! Na vicheko vya wanawake.

"Ni nani huyo mlangoni?" ikatoka sauti. "Wanawake tunaoga humu!" Kisha sauti ile ile ikalegea, ikawa sauti ya mama mmoja aliyekufa zamani: "Taratibu, mwanangu, maji hayakimbii."

Chui akaganda. Akarudi nyuma, kilemba kikamkaa upande, na akasema kwa kisauti chembamba ambacho hata walinzi wake hawakuwahi kukisikia:

"Ho... hodi. Hodi kisimani!"

Ndani, Shawana akajiziba mdomo asicheke. Bi Mizna naye alitaka kucheka, wajukuu zangu, lakini hakuweza. Hodi! Hodi mlangoni kwake! Ya mwizi, ya adui, lakini hodi.

"Karibu," akaitika. "Karibu, maji yapo."

"Umepiga hodi!" akanguruma Dubu.

"Si wanawake wanaoga!" akapayuka Chui. "Hata wewe, kwako, usingebisha?"

"Hapana. Mwenye nyumba hukohoa!"

"Hata mimi nakohoa! Khe! Khe-khem! Khe-khe-khe-khe!" Akakohoa hadi macho yakamtoka.

"Jamani, mpeni maji huyo," akasema Shekhe Paa, "asije akatufia na kikohozi ugenini."

Bonde zima likaangua kicheko. Chui akaondoka amekunja mkia, na Dubu akapiga kigingi chake, ngo! ngo! ngo!, upande wa pili wa kisima, ule wa Chui. Kisima kikabaki Bonde la Mkunazi, na Bi Mizna akarudisha mkeka wake ndani.

Lakini mstari ni mstari. Ngamia wengi wakajikuta ng'ambo ya vigingi, wakaambiwa wasivuke bila ruhusa, wakashika njia nyingine. Mbuni ndiyo kabisa, hawakuonekana tena. Bi Mizna akawa kila asubuhi anasugua bakuli la shaba mpaka linang'aa, analiweka mlangoni, anatega sikio. Upepo ukivuma, bado anauitikia.

Hata adhuhuri moja, jua kali, akasikia nyayo. Mtu alisimama nje kitambo, peke yake, bila walinzi, bila kilemba. Kisha ikaja ile sauti nyembamba: "Hodi kisimani."

Bi Mizna akalijaza bakuli mpaka ukingoni.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Taratibu. Maji hayakimbii."

Nami hadithi yangu naiacha hapo mlangoni, apitaye na apige hodi: mwenye nguvu huchora mpaka, lakini mwenye nyumba hujulikana kwa karibu yake.