Kichuguu cha Kwale na Pango la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Aliye mbali asogee, aliye karibu atege sikio.

Hapo zamani za kale, nyika ilipokuwa haina njia ila za kwato, aliishi ndege aitwaye Kwale. Kwale alikuwa na kichuguu chake. Kila alfajiri alikipanda, akaita: kwe-kwe-kwe! Akawaeleza majirani kisima kipi kina maji na nyasi zipi zina siafu. Wasikilizaji wake walikuwa wawili tu, Kobe na Digidigi.

Ndipo Fisi akafungua pango lake. Pango lenye mwangwi! Ukisema neno moja, yanatoka kumi.

"Karibuni, jamaa! Semeni bure, msikike nyika nzima!"

"Bure, bwana?" akauliza Kwale.

"Bure, dada! Fisi na choyo, wapi na wapi?"

Kwale akacheka, akaingia. Aliimba, umati ukashangilia, moyo ukamvimba. Kichuguu akakisahau, kikaota nyasi.

Lakini Fisi alikuwa na desturi yake. Mgomvi alimweka mbele, penye mwangwi. Mwenye habari ya maana alimsukuma nyuma, kwa popo. Kwa nini? Ugomvi huwachelewesha wageni. Mgeni akichelewa husinzia. Na mgeni akisinzia kwa Fisi... haya, tuendelee.

Kiangazi kimoja, akiwa nyuma pangoni, Kwale akanusa moshi. Vifaranga wake walikuwa nyasini, hawajajua kuruka.

"Moto! Nisaidieni wanangu!"

Nani amsikie? Mbele walikuwa Nyani na Ngiri.

"Tako langu jekundu, ndilo zuri!"

"Lako kidonda! Tazama langu, lina mkia kama bendera!"

"Bwana Fisi, nipishe mbele!" Kwale akalia.

"Ngoja, dada. Wageni wamenogewa."

Kwale akatoka, puruu! Akafika kichuguuni, akaparua nyasi, akapanda. Kwe-kwe-kwe! Moto!

"Ulikuwa wapi, mama?" Kobe akaitika. "Kila alfajiri nimepita hapa, nikaziamkia nyasi."

Kobe akagonga gamba lake juu ya jiwe, ko! ko! ko! Digidigi akasikia kwa Kobe, akapiga mluzi kichakani kwake. Tembo akasikia kwa Digidigi, akaja na mkonga umejaa maji. Fwaaa! Moto ukazimika. Vifaranga wakatoka weusi kwa masizi, wazima wote.

Na kule pangoni? Ugomvi uliendelea hadi moshi ulipoingia bila hodi. Nyani na Ngiri wakatoka wakikohoa, matako yao meusi sawasawa. Hawakuwa tena na la kugombania.

Fisi akaja mbio. "Dada, rudi! Nitakuweka mbele."

"Ahsante, bwana. Nikija, nitakuja kutembea. Kwangu ni hapa."

Funzo lake ni hili: ukumbi wa mwenzio una wasikilizaji wengi, ila mwenye ukumbi ndiye achaguaye nani asikike. Tunza kwako. Hata wakikusikia wawili, neno lako litafika, nao watalifikisha mbele.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya kichuguu. Atakaye kuiendeleza, na apande chake.