Karatasi Tatu za Kisima cha Kwamzindi

Kaeni vizuri, na mwenye kutafuna karanga atafune taratibu, maana leo nataka mnihukumie jambo.

Kwamzindi walikuwako watu watatu wenye vipaji. Mwajabu, fundi cherehani, alijua kukata nguo na maneno vilevile. Penye maneno ishirini yeye alitumia manne. Semndili, mchora vibao vya maduka, alichora kuku ukatamani kumfukuza. Na Mama Kihiyo, mwalimu wa chekechea, alijua kunyamaza akawapa wengine nafasi. Msicheke! Jaribuni nyie kunyamaza.

Kijiji hicho hakikuwa na maji; kupata ndoo moja ilikuwa mwendo wa saa tatu, kwenda na kurudi. Siku moja ikaja habari njema kwamba mtambo wa kuchimba kisima uko njiani. Wapimaji walikuta maji sehemu tatu, bondeni, mlimani na nyuma ya shule, lakini kisima ni kimoja. Watu wa bondeni wakakitaka kwao, wa mlimani nao kwao. Mikutano miwili ikaishia kwa matusi. Wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho: wasipokubaliana kabla ya adhuhuri, mtambo unakwenda kijiji cha jirani.

Asubuhi hiyo akaja darasani, pale shuleni walipokutana, bwana mtaalamu wa kuendesha mikutano na bango kitita, lile rundo la karatasi kubwa linalosimama kwa miguu mitatu. Mama wee! Akaandika herufi za sisimizi, tena kwa wino wa njano, akawapa watu mgongo na kujisomea mwenyewe. Karatasi ikijaa, anafunua nyingine. Walio nyuma wakalala, walio mbele wakarudia kutukanana.

"Karatasi zimebaki tatu," akamwambia mwenyekiti wa kijiji huku akijifuta jasho. "Mimi nimeshindwa."

Saa tano na nusu hiyo. Mwenyekiti akawaita wale watatu, kila mmoja na karatasi yake.

Mwajabu akachukua wino mweusi, akaandika herufi kubwa kama kiganja: NDOO MOJA, SAA TATU. Basi. Akasogea pembeni asiwazibe watu. Bibi mmoja wa benchi la mwisho akasoma kwa sauti, "Ndoo moja, saa tatu! Ndiyo hali yetu sisi wa mlimani!"

"Hata sisi wa bondeni!" wakajibu wa upande wa pili. Sauti zikashuka, kwa kuwa shida ilikuwa ileile. Mwajabu akaichomoa karatasi kwenye bango na kuibandika ukutani, wasije wakasahau.

Semndili akachora kijiji kizima: njia, zahanati, nyumba kwa nyumba. Watu wakasimama kutafuta kwao.

"Mbona mbuzi wangu hujamchora?"

"Mbuzi wako yuko shambani kwangu, anakula mihogo!"

Darasa likaangua kicheko. Semndili akatia alama za bluu penye maji, na hapo kila mtu akaona kwamba nyuma ya shule ni katikati kabisa. "Kumbe!" Lakini nani akubali wa kwanza? Hakuna.

Mama Kihiyo akaigawa karatasi yake mafungu matatu, akaandika majina ya zile sehemu, akaiacha tupu. Akawageukia watu, kimya. Kisha akampa kalamu Mzee Kibwana, mbishi kuliko wote mlimani.

"Baba, tuanzie wewe. Nukta moja tu, popote unapotaka."

Mzee akaitazama ile kalamu. Tangu ugomvi uanze, watu walikuwa wanambishia tu, hakuna aliyemwuliza. Akatia nukta yake kwenye fungu la shule. Foleni ikajipanga nyuma yake, na adhana ya adhuhuri ilipolia, nukta za shule zilikuwa zimejaa tele.

Mtambo ukaja, maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele mpaka wakapwelewa sauti. Sasa, desturi ya Kwamzindi ni kwamba kisima hupewa jina la aliyekileta, na jina huandikwa kwenye saruji ikiwa mbichi. Jina moja tu.

"Bila maneno yangu mngekuwa mnatukanana mpaka leo," akasema Mwajabu.

"Bila picha yangu mngegombania bonde na mlima tu," akasema Semndili.

Mama Kihiyo akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Na nukta zilitiwa wapi? Kwenye karatasi zenu?"

Mwenyekiti kakimbia, eti ana wageni nyumbani. Fundi mwashi kachuchumaa na msumari mkononi, na saruji inaanza kushika. Haya, wewe unayecheka hapo: nimwambie aandike nani?