Kwa Nini Kinywa Huota Meno Mara Mbili Tu

Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nikiwa nimekaa juu ya kichanja cha mahindi, na atakayesema umri wangu hautoshi aseme kwanza yeye alikuwa wapi siku hiyo. Shuleni niliishia darasa la sita, hilo nakubali. Lakini nimewauliza walioendelea mbele, wakaniambia hata huko hayakufundishwa. Basi endeleeni kupukuchua mahindi yenu. Mikono ina kazi, masikio hayana.

Wakati ule kijiji chetu cha Kirumbu kilikuwa na nyumba kumi na moja, na meno ya binadamu hayakuwa na mwisho. Jino likilegea, mwenyewe alilisukumasukuma kwa ulimi, akaling'oa, akalirusha juu ya paa la nyasi. Asubuhi aliamka na jingine mahali pale pale, jeupe kama punje ya hindi bichi. Neno kibogoyo halikuwepo. Nilimwona bibi mmoja wa miaka tisini na kitu akivunja mfupa wa goti la ng'ombe kwa magego, huku anasimulia habari nyingine kabisa.

Kazi hiyo ilikuwa ya Panya. Kule kilimani kulikuwa na jiwe jeupe kubwa kama zizi, nalo lilikuwa likikua polepole, kama boga linavyonenepa chini ya jani bila mtu kulisikia. Panya peke yake ndiye aliyeweza kulitafuna. Alilichonga meno, akayapanga kwenye kikapu chake, akashuka nayo mapaani kugawa. Watu nao walimwachia mahindi kwenye uchaga, juu ya mafiga, na hakuna aliyemtupia fagio. Akipita jikoni, mama mwenye nyumba alisogeza chungu ili mgeni apite vizuri.

Sasa, sisi watu wa Kirumbu tulikuwa wakulima wa miwa. Kila aliyelima muwa anajua tabia yake: unaukata leo, shina linabaki ardhini, mvua ikinyesha linachipua tena, na mwaka ujao unakata mingine. Hapo ndipo tulipokosea, na nadhani ni watu wa miwa tu wangeweza kukosea hivyo. Tuliona kinywa nacho ni shamba. Ukivuna, kinachipua. Nani analinda kitu kinachochipua chenyewe?

Aliyeamini hivyo kuliko wote ni Mwakio. Huyu alikuwa bingwa wa miwa, mtu mpana, mwenye kicheko ambacho ukiwa ng'ambo ya kijito ungedhani anakuita. Alikamua miwa yake kila asubuhi, akajaza kibuyu, akakitundika begani. Basi kutwa nzima ni yeye na kibuyu. Akipiga jembe mara tatu, funda moja. Akisalimiana na mtu, funda. Akisikiliza shauri la watu, funda baada ya kila msemaji. Hata kitandani alilala na funda la mwisho shavuni, na aliamka nalo ulimi ukiwa umeganda kama gundi. Mchovya asali hachovyi mara moja, lakini Mwakio alikuwa hajatoa kidole kwenye mzinga tangu ujana wake.

Mkewe Wakesho alipenda miwa vilevile. Msinielewe vibaya, hakuwa mtawa. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa kizingitini na miwa miwili mizima, akaimenya kwa meno, akatafuna, akatema makapi mpaka kuku wakakosa pa kupita. Ikiisha, alikwenda kijitoni, akasukutua kinywa, na habari ya utamu ikaishia hapo hadi kesho mchana. Asubuhi hakumsalimia mtu kabla ya kupitisha mswaki wa kijiti. Meno yake yalikuwa yale yale aliyokuja nayo siku ya harusi, wakati mumewe alikuwa amebadilisha ya kwake mara nyingi kuliko alivyobadilisha mipini ya jembe.

Wakesho alimwonya. Mwakio alimjibu kwa upole, kwa sababu alikuwa mtu mpole, kwamba muwa ukikatwa huchipua na jino ni hivyo hivyo.

"Muwa una shina ardhini, Baba Mghoi," Wakesho alimwambia. "Shina la meno yako umelitia ndani ya kibuyu."

Mwakio alicheka, akapiga funda.

Mambo mazuri hufuatwa, na mabaya matamu hufuatwa mbio. Mwaka haukuisha kila mwanamume wa Kirumbu alikuwa na kibuyu begani, na wanawake wengi wakaona hawawezi kupitwa. Meno yakaanza kudondoka mapaani ta, ta, ta, hata wageni wakawa wanauliza kama huku mvua ya mawe ina msimu wake. Panya akawa hapumziki. Alichonga alfajiri, akachonga jua la utosi, masharubu yake yakawa meupe kwa vumbi la jiwe. Na lile jiwe, ambalo lilizoea kukua polepole, likaliwa haraka kuliko lilivyokua. Likawa kama kibanda, likawa kama jungu, likawa kama kiti cha mtoto.

Kwanza jino jipya lilichelewa siku tatu. Baadaye likachelewa mwezi. Mwakio aliwahi kwenda kuposea mpwa wake huku mbele ana pengo, akachomeka mbegu ya boga ili aheshimike. Alipofika kwenye neno la maana zaidi, mbegu ikaruka, ikaingia ndani ya kata ya mwenyeji wake. Mwenyeji alikuwa mtu mwenye adabu. Alinywa yote, akanyamaza. Lakini huko njiani wakirudi Wakesho alicheka mpaka akalazimika kukaa chini, na mumewe naye akacheka, akiziba mdomo kwa kiganja. Hapo alikuwa amebaki na meno matatu.

Katika hali hiyo binti yao Mghoi alimzaa Mkawasi, mjukuu wao wa kwanza.

Mwakio na Mkawasi walipendana tangu siku ya kwanza. Mtoto alilia kwa kila mtu akanyamaza kwa babu yake, labda kwa sababu walifanana vinywa. Babu alichovya kidole kwenye kibuyu, akampaka ufizini, mtoto akanyonya huku anarusha miguu. Wakesho alikuwa akikigonga kidole hicho kwa mwiko kila alipokiona, na kila siku alikiona.

Mwaka mmoja ukapita, ukaingia wa pili. Mkawasi akatembea, akasema, akaita kila kitu "babu", na kinywani hamna jino hata moja. Alikuwa akila uji, na uji peke yake. Mghoi alikuwa na mimba nyingine na maziwa yalikuwa yamekata. Watoto wa rika lake wa vijiji vingine walikuwa wanatafuna viazi na nyama, wanene kama vibuyu. Wa kwetu mikono yake ilikuwa imeanza kuwa myembamba, na akikimbia hatua kumi alikaa chini kupumzika kama mzee. Mwakio aliona hayo. Alipunguza kicheko, akaongeza mafunda.

Panya alikuja mchana, watu wakiwa uani. Hakupita paani siku hiyo, alipita mlangoni. Kikapu chake kilikuwa na meno ya kujaza mapengo ya mtu mmoja tu, ishirini na tisa, mapya, yanang'aa. Akakiweka mbele ya Mwakio.

Akaeleza kwamba jiwe limekwisha. Limebaki shina tu ardhini, na shina hilo likiachwa litakua tena, lakini si kabla ya masika sita. Hayo ya kikapuni ndiyo ya mwisho. Ni ya Mwakio, kwa kuwa alirusha ya zamani paani kabla mjukuu wake hajazaliwa, na Panya havunji zamu ya mtu. Mtoto atasubiri masika sita.

Mwakio aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama utamu ndio uliowafikisha hapo.

"Mzee Mwakio, mkeo anapenda miwa kukushinda," Panya alisema. "Lini umenisikia nikipanda paa kwa ajili yake? Yeye hula akamaliza, akaosha kinywa, meno yakapata nafasi ya kupumua. Ya kwako hayajawahi kupumzika hata siku moja. Ng'ombe unamfungua jembe jioni. Meno mbona huyafungui?"

Mwakio aliingiza mkono kikapuni, akatoa gego moja pana, akaligeuzageuza. Nami nilikuwa karibu, nilimwona anavyojilamba midomo. Alikuwa anakumbuka nyama choma. Alikuwa anakumbuka mahindi ya kuchoma, na kutabasamu mbele za watu bila kuweka kiganja.

Mkawasi alikuwa mapajani kwa bibi yake, ana punje moja ya hindi la kuchoma. Aliitia mdomoni, akaizungusha upande huu na upande ule, akaitoa nzima kama ilivyoingia. Akashuka, akamwendea babu yake, akamwekea punje ile midomoni amtafunie. Mwakio alijaribu. Kwa meno matatu yasiyokutana, alijaribu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mwishowe akaitoa, nayo nzima, imelowa. Mtoto akaipokea, akamtazama, kisha akampelekea bibi, na bibi akaivunja mara moja tu, kwa gego alilokuja nalo siku ya harusi.

Mwakio akarudisha lile gego kikapuni.

"Yapunguze," akamwambia Panya. "Yatoshe kinywa chake."

Panya alimwonya kwamba meno yaliyochongwa mara mbili huwa madogo na laini, hayatafika naye mbali. Masika sita hivi, basi yatalegea. Mwakio akasema masika sita yanatosha, hapo jiwe litakuwa limekua, na mtoto atapewa ya kwake mwenyewe. Kisha akaling'oa lile la kwanza kati ya matatu yake, na la pili, na la tatu, akayatia kikapuni yapunguzwe pia, kusudi yakitokea yatakayoharibika kuwe na akiba. Hakutoa chozi hata moja. Alisimama wima, akamshika Wakesho bega, na alipotabasamu tuliona fizi tupu za mtu mzima kwa mara ya kwanza tangu dunia iwepo.

Wazee wengine waliokuwa wakijifanya wanatazama mbuzi waliona aibu. Mmoja mmoja wakaja, nao wakang'oa yaliyowabaki yapunguzwe, wakawaachia wajukuu zao pamoja na zamu.

Meno ya Mkawasi yalianza kutokeza, mawili ya chini kwanza. Siku hiyo hiyo babu yake, kwa mazoea, alichovya kidole kwenye kibuyu akampelekea. Mtoto alimng'ata. Alimng'ata mpaka mfupani, na Wakesho hakuhitaji tena mwiko. Mwakio akamwaga maji ya miwa, akakisuuza kibuyu, akaenda kukijaza kijitoni. Tangu hapo mafunda yake yalikuwa ya maji.

Na tangu siku hiyo mtoto huota kwanza meno madogo, kwa sababu yamepunguzwa kutoka kwa babu yake, na masika ya sita yakifika hulegea. Ndiyo maana hatuyatupi jalalani. Tunayarusha juu ya paa, Panya ayaone ajue zamu imefika, alete ya pili kutoka jiwe lililokua. Ya tatu hakuna. Panya aliapa pale uani kwamba hatakubali tena jiwe liliwe mpaka shinani. Na yeye mwenyewe, kwa miaka mingi ya kuchonga, meno yake yalizoea kazi, hayakomi kukua. Ndiyo maana akikosa jiwe anatafuna vikapu vyetu, nasi tumesahau wema wake tunamtupia fagio.

Na ndiyo maana mkimwona babu na mjukuu wanakula uji bakuli moja, wanachekeana fizi kwa fizi, msiwacheke. Mmoja ametoa, mwingine anangojea kupokea.

Yote niliyosema ni kweli tupu, isipokuwa neno moja nililolitia mwenyewe. Ni pale niliposema Mwakio hakutoa chozi. Huyo ni wa ukoo wetu, nasi wanaume wa ukoo huu tunapenda kusemwa kwamba hatulii. Alilia. Alilia kama mvua ya masika, akiwa amesimama katikati ya ua na kikapu mkononi, mpaka Mkawasi akaja akamfuta mashavu kwa viganja vyake, na vilikuwa vimejaa uji.