Ukoko wa Bi Mwanakheri

Hapo zamani, na si zamani ya majini, ni zamani ya juzi tu, watu walipoacha kusengenyana vibarazani wakahamia kwenye simu, alikuwepo mpishi wa harusi jina lake Mwanakheri.

Mwanakheri alikuwa na mtindo wake. Hufunga iliki, karafuu na mdalasini ndani ya kitambaa, akakitumbukiza kwenye supu ya pilau, mgeni asije akauma karafuu akakunja uso mbele ya wakwe. Siku moja uzi mweupe ukamwishia, akafungia mweusi. Jirani yake Nuru akampiga picha akikitumbukiza, akaitupa kwenye kundi la simu la akina mama wa mtaa: "Tazameni hirizi ndani ya sufuria! Sasa mmejua kwa nini waume zetu hawaishi kuisifu pilau yake."

Basi. Picha ikatoka kundi hili ikaingia lile. Mwezi wa kwanza hakuna aliyebisha hodi. Wa pili hakuna. Wa tatu Mwanakheri akawa anaosha sufuria isiyopikiwa. Ngoma ya harusi ikilia mtaa wa pili, husimama dirishani akinusa. "Vitunguu vimeungua," husema peke yake. Alitamani moshi. Alitamani hata zile kelele za "Bi Mwanakheri, wageni wamefika, bado tu?" Mtu mzima anatamani kukemewa, jamani!

Siku moja akaja Salha, jirani wa upande wa pili, simu mkononi. "Shoga, Nuru ameifuta picha yake. Lakini mimi ninayo, na jina lake, na tarehe, na saa."

"Uliiweka ya nini?"

"Nikwambie kweli? Nilimtumia dada yangu, tucheke."

"Umbea wako leo umepata kazi. Twende."

Wakaenda kwa Shekue, wakili anayesaidia watu bure karibu na mahakama. Akaitazama ile simu. "Mama, bila hii tungebishana na hewa. Njia zipo. Tuwaandikie wenye mtandao waiondoe inakozunguka. Au twende polisi. Au tumshitaki kwa kukuchafulia jina, udai fidia. Ila kwanza barua: akanushe, aombe radhi palepale alipokuchafua, ndani ya siku saba."

"Nikimshinda mahakamani, nitaitwa harusini?"

"Hilo mahakama haiamuru, mama."

"Basi andika barua. Na uandike vizuri, yule ana shule."

Siku ya sita Nuru akatuma sauti yake kwenye kundi lilelile: "Ile ni iliki, si hirizi. Nilisema uongo, anisamehe." Madai ya barua yalikuwa yamekwisha kutimia, angeweza kuishia hapo. Akaendelea. "Mume wangu aliisifu pilau yake siku niliyompikia mimi. Nikaumia. Harusi ya binti yangu mpishi ni yeye. Asiyetaka kula, asije."

Siku ya harusi wakaja wote, hata wasioalikwa.

Sasa, mtaani kwao, ukoko wa sufuria ya kwanza haugawanywi. Mpishi humpa mtu mmoja, mbele za watu, kusema: huyu ndiye aliyenifikisha hapa. Mwanakheri akaukwangua, akauinua mzima juu ya upawa. Sahani zikaja.

"Nisingeihifadhi mimi, angekana mchana kweupe," akasema Salha.

"Picha bila barua ni picha tu, mama," akasema Shekue, koti limemganda kwa jasho.

Nuru akaja mwisho, hatazami watu. "Barua haikunidai harusi, Bi Mwanakheri. Hii nimeitoa mwenyewe."

"Wewe ndiye uliyenitoa jikoni."

"Ndiyo. Na nani kakurudisha?"

Miezi mitatu Mwanakheri aliingoja saa hii, na sasa upawa uko juu, sahani tatu ziko chini yake.

Haya, nyinyi mnaomeza mate hapo: mmoja aliweka ushahidi, naye aliueneza uongo. Mmoja aliandika barua, nayo ndiyo kazi yake. Mmoja alivunja, kisha akajenga zaidi ya alivyodaiwa. Upawa ungekuwa mkononi mwako, ukoko ungeuweka kwenye sahani ya nani?