Nakusikia Vizuri, Hebu Rudia

Leo sitawaweka sana, ndugu zangu, maana naona wengi mmefika hapa mkiwa mmeshachoka. Nataka niwasimulie habari ya mtu mmoja, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, huko milimani ambako ukungu hauondoki mpaka jua lipande. Jina lake halitatusaidia. Mkewe alimwita Baba Tumpe, nasi tumwite hivyo hivyo.

Huyu bwana alikuwa na redio. Si hii yetu ya kusikilizia taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Yake ilikuwa redio ya kuzungumzia, ile ya watu wa ridhaa, wenye leseni ya serikali, ambao hukaa majumbani mwao na kuongea na wenzao wa mbali bila simu wala mtandao. Waya wake aliuvuta kutoka paa la stoo hadi kwenye mkaratusi, na kwa waya huo sauti yake ilivuka bahari. Hebu fikirini. Mtu ambaye kazini huitwa pale tu mashine inapogoma, akirudi nyumbani anaitwa na watu wa mabara yote. Nani kati yetu angekataa?

Basi kila mwaka watu hawa huwa na mashindano. Kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumapili jioni, kila mmoja huita na kuitikia, na anayewapata wengi zaidi, wa nchi nyingi zaidi, ndiye mshindi. Mazungumzo hakuna. Unataja jina la kituo chako, mwenzako anataja la kwake, mnapeana alama ya usikivu, kwaheri, aje mwingine.

Hiyo alama ndiyo nataka tuiangalie. Ni tarakimu mbili. Ya kwanza inaeleza maneno yanaeleweka kiasi gani, na ya juu kabisa ni tano. Ya pili inaeleza sauti ina nguvu kiasi gani, na ya juu kabisa ni tisa. Siku za kawaida wanapeana alama za kweli: tatu-nne, nne-sita. Lakini siku ya mashindano wana desturi yao, dunia nzima: kila mtu anapewa tano-tisa. Hata kama sauti yake inakuja kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya gunia, tano-tisa. Inaokoa muda, na kompyuta wanayowekea kumbukumbu imeshaiandika kabla hujafungua mdomo. Wala hakuna anayedanganywa, kwa kuwa wote wanajua. Ndiyo maana utamsikia mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akisema, "Tano-tisa, nakusikia vizuri kabisa! Hebu rudia jina lako, sikulipata."

Mnacheka. Chekeni tu, kicheko ni dawa.

Mwaka huo nyumba hiyo ilikuwa na mgonjwa. Mama yake Baba Tumpe alipatwa na kiharusi wakati wa masika. Upande mmoja ukalala, na maneno yakawa yanamtoka nusu nusu. Aliyemlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani, alikuwa mkamwana wake. Mwanamke hodari, lakini hata hodari ana mgongo. Kwa muda mrefu alikuwa anatafuta nafasi amwambie mumewe neno moja: nimefika mwisho, nipokee.

Naye Baba Tumpe alikuwa ameomba ruhusa mapema. "Siku mbili tu, Mama Tumpe. Mwaka mzima sijakuomba kitu." Na kweli, hakuwa ameomba kitu. Wiki nzima kiwanda kilikuwa kinasimama na kuwaka, kinasimama na kuwaka, naye ndani ya mafuta na moshi. Alitamani siku mbili zilizo zake. Mkewe akamwambia, "Haya."

Jumamosi alikuwa hajakaa sana stooni, hedifoni masikioni, mkewe akasimama mlangoni.

"Baba Tumpe, mama amekataa uji."

Akainua upande mmoja wa hedifoni. "Pole, Mama Tumpe. Pole sana." Akaurudisha.

Mchana akaja tena, mkono kiunoni. "Njoo unishikie nimgeuze mama. Huu mgongo utakatika siku moja uokote vipande."

"Nakuja. Nakuja sasa hivi."

"Au hao Wajapani wako ndio watakuja kumwogesha?"

Baba Tumpe akacheka, akampungia mkono kwa upendo. Nasema kwa upendo, kwa sababu alimpenda. Hakwenda. Alikusudia kwenda baada ya mtu mmoja tu, na nyuma ya huyo mmoja alikuwepo mwingine.

Jumapili alasiri, mashindano yakielekea ukingoni, akasikia sauti kwa mbali sana. Kisiwa katika bahari ya Pasifiki, nchi ambayo hajawahi kuipata tangu anunue redio. Alikandamiza hedifoni kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Alipoyafumbua, mkewe alikuwa amekaa mbele yake juu ya ndoo iliyofunikwa, amejitanda kanga, anaongea. Aliiona midomo yake ikienda. Aliongea kwa utulivu, na kwa muda. Baba Tumpe akaitikia kwa kichwa pale alipoona panafaa kuitikia.

"Sawa, mke wangu," Baba Tumpe akasema, mkewe alipomaliza. "Hakuna shida."

Mkewe akamtazama. Akasema neno lingine, fupi.

"Ndiyo, ndiyo. Nimekubali."

Mkewe akainuka, akapapasa kiuno, akatoka. Na yule wa kisiwani, baada ya kuitwa na kuitwa, akajibu: tano-tisa! Kisha akauliza mara tatu, wewe ni nani?

Mashindano yakaisha. Baba Tumpe akavua hedifoni, masikio yanamuuma, akakuta nyumba imenyamaza. Jikoni moto umefunikwa majivu. Chumbani mama yake amelala juu ya shuka safi, ameogeshwa, nywele zimechanwa.

"Mama, yuko wapi mwenzangu?"

"Kaenda," mama akasema kwa ule upande wa mdomo uliobaki. "Si… umemruhusu?"

Akachukua simu, akapiga. "Mama Tumpe, uko wapi?"

"Kwa dada. Si nilikwambia? Nikakuuliza umekubali, ukasema umekubali."

Ndugu zangu, hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, ingekuwa nafuu. Alisema kama mtu anayetua mzigo chini.

"Unarudi lini?"

"Nalo nilikwambia."

Baba Tumpe akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake. Angeweza kusema ndiyo, nakumbuka. Angeweza kusema pole. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, yamezoea njia. Akayameza.

"Sikukusikia," akasema. "Mke wangu, tangu jana sijakusikia. Hata neno moja."

Mkewe akasema, "Hilo ndilo jibu la kwanza ulilonipa."

Najua mtaniuliza, alirudi? Alirudi alipokwisha kupumzika. Mtu aliyechoka hupumzika, na hiyo haijawahi kuwa dhambi. Wala sitaki mtoke hapa mkimsema Baba Tumpe. Aliyechoka husikia kwa shida. Aliyechoka zaidi hunena kwa shida. Wakikutana hao wawili chini ya paa moja, kila mmoja ana haki yake, na bado nyumba inanyamaza.

Lakini na sisi? Sisi ambao hatuna redio wala waya juu ya mkaratusi? Habari za nyumbani? Nzuri. Wagonjwa? Wanaendelea. Pole, tuko pamoja, tutakuombea. Tumeshasonga mbele, tunamshika mwingine mkono. Hatumdanganyi mtu, kwa kuwa wote tunajua desturi. Ni maneno mazuri haya, tuliachiwa na wazazi, wala siwaambii tuyaache. Nauliza tu: wangapi tumewapa tano-tisa asubuhi hii, na hatujui walichosema?

Tunaogopa kumwambia mtu, sikukusikia. Tunadhani tutamvunja moyo. Lakini anayelia hajavunjwa moyo na sikio zito. Amevunjwa na sikio linalojifanya jepesi. Hata magotini tunafanya hivyo. Tunamwambia Mungu ndiyo, ndiyo, amina, na hatujauliza alitaka nini.

Kuna mtu umekaa naye benchi moja. Ulipoingia alikwambia jambo, nawe ukamjibu vizuri. Alisema nini?

Wimbo utasubiri. Mgeukie, umwambie, "Sikukusikia, sema tena." Nami nitakaa hapa mbele, ninyamaze, hadi wa mwisho wenu amalize.